Dhahabu Ndani ya Sufuria

Kijijini Kerende wanaume huamkia duarani, kwenye mashimo ya dhahabu. Wanawake huamkia shambani. Siku hiyo Mokami alitoka kupalilia mihogo, akaenda kuoga. Mkono ukagusa kile kitu kwenye titi. Kilikuwa kigumu kama punje ya harage. Hakikuuma. Ndiyo maana alikuwa amekaa nacho muda mrefu, akijiambia kitaondoka chenyewe. Lakini sasa kilikuwa kimekua. Akaogopa. Akamwambia mumewe, Nchagwa.

Kesho yake Nchagwa alirudi kutoka mwaloni, wanakooshea mchanga wa dhahabu, anacheka.

"Mama Ryoba, dawa tunayo! Miaka yote tumeikalia, tunawauzia watu!"

"Dawa gani?"

"Redio imesema. Wataalamu wanatengeneza dawa ya saratani kwa dhahabu na majani ya mimea."

"Wanaitengenezaje?"

"Hapo karasha likaanza kusaga mawe, mwisho sikusikia. Lakini dhahabu ni dhahabu, majani ni majani. Kuna nini cha kusomea?"

Akabandika sufuria jikoni. Akatia majani ya mlonge, akatumbukiza kibonge cha dhahabu. Mokami alitazama povu likipanda. Alitaka kupona. Angekunywa hata matope.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Kokushubira, nesi wa zahanati, mtu wa Bukoba. Kila jioni alikuja kuchukua maziwa.

"Shikamoo baba. Leo mnapika mlonge?"

"Marahaba, sista. Hii mboga ya matajiri. Ina dhahabu ndani." Nchagwa akamweleza yote.

Kokushubira akachungulia. "Mbona kibonge ni cheupe?"

"Hakijachomwa bado."

"Basi kina zebaki mnayonasia dhahabu! Zima moto, baba! Tokeni nje wote! Mvuke wa zebaki ni sumu. Unaharibu ubongo na figo."

Wakatoka mbio mpaka kwenye zizi.

"Sufuria hiyo isipikiwe chakula tena," Kokushubira akasema. "Na maji yake msimwage mtoni wala shambani."

"Kwa hiyo redio imedanganya?" Nchagwa akauliza.

"Haikudanganya. Wewe umesikia nusu. Maabara huanza na dhahabu iliyoyeyushwa kwa kemikali. Kisha hutia maji ya majani yaliyochujwa. Majani yale huigeuza dhahabu kuwa chembe ndogo mno. Unga wa mtama ni mawe mbele yake. Wanatarajia chembe hizo zibebe dawa mpaka ndani ya uvimbe. Lakini bado wanazichunguza. Zahanati hatuna."

"Na nikichoma kibonge, zebaki ikaisha?"

"Hata kikiwa safi, tumbo haliyeyushi dhahabu. Itapita tu, baba. Utaifuata chooni na karai."

Mokami akacheka mpaka akajishika ubavu. Kisha akamgeukia nesi.

"Sasa mimi, sista? Nisubiri hao wataalamu wamalize?"

"Usisubiri. Uvimbe hausubiri mtu. Si kila uvimbe ni saratani, lakini lazima upimwe, hata kama hauumi. Ukiwahi, matibabu yapo leo hii."

Nchagwa akatazama chini. "Wakikata titi, watu watasema nini?"

"Watasema Mokami yuko hai, anapalilia," Mokami akajibu. "Kesho naenda, Baba Ryoba. Utanisindikiza?"

Nchagwa akainua uso. Kisha akasema, "Nitakusindikiza."

Zahanati ikawapa rufaa kwenda Mwanza. Madaktari wakachukua kinyama kidogo, wakapima. Ilikuwa saratani, lakini haikuwa imesambaa. Wakampasua, kisha wakampa dawa za mishipani. Zilimchosha. Nywele zikatoka zote.

"Sasa tumefanana," Nchagwa akasema, akigonga upara wake.

Nywele zikaota tena. Nguvu zikarudi. Mokami akashika jembe lake, na siku za kliniki hakukosa hata moja.

Asubuhi moja Agustina, wifi yake, akamvuta pembeni wakati Mokami anakamua ng'ombe.

"Wifi, na mimi nina kitu hapa kwenye titi. Watu wanasema ulitumia majani. Majani gani?"

Mokami akaweka ndoo chini.

"Mimi sikupona kwa majani. Vaa kandambili zako, twende kwa sista."

"Sasa hivi? Na ng'ombe?"

"Kaka yako ana mikono. Atamalizia yeye."