Zamu ya Po-hsun

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kimbunga, na Yeh Shu-chin alikuwa peke yake katika ukumbi wa mashine, akikagua kabati la safu ya tisa, pua yake ilipopata mafuta ya kafuri.

Ukumbi ule hauna harufu. Hewa yake huchujwa mara tatu na kupozwa mpaka inauma meno. Hata ukiingia umekula kitunguu saumu kilo nzima, hakuna atakayekujua. Na kati ya wote waliowahi kufanya kazi pale, ni mtu mmoja tu aliyekuwa akijipaka mafuta ya kafuri kwenye panja za uso ili asisinzie. Huyo ni Chiu Po-hsun, naye alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, ndani ya ukumbi huo huo.

"Usingizi huu," Shu-chin alijiambia, akarudi mezani.

Siku ya kimbunga mji mzima wa Hsinchu hupewa likizo, watu wakakaa nyumbani wakala tambi za mchele na kutazama mabati ya majirani yakiruka. Mashine hazina likizo. Kompyuta zile mia nne zilikuwa zikipiga hesabu moja kwa pamoja: mvua hii ikishuka milimani, maji yatamfikia nani kwanza. Kwa hiyo mhandisi mmoja hubaki zamu, na siku hiyo kura ilimwangukia Shu-chin. Getini alikuwapo mlinzi, Mjomba Kang, mzee wa miaka sitini na tisa ambaye Jumapili huzoa majivu ya ubani katika hekalu la mtaani kwao.

Mashine zilikuwa hapo, lakini mambo yake mengi yalikaa kwenye wingu: majina ya wafanyakazi, akiba ya faili, foleni ya kazi, hata ruhusa za kadi za milango. Na lisikutishe jina, wingu ni kompyuta za kukodi tu, zimefungiwa kwenye jengo la watu wengine. Aliyeunganisha ukumbi na wingu alikuwa Po-hsun, na kila bomba la kupitisha faili alilisajili kwa jina lake. Alipokufa, hakuna aliyethubutu kufunga akaunti yake, wasije wakakata kitu wasichokijua. Bora liende. Miaka miwili, kila asubuhi, Shu-chin aliingia kazini kwa jina la Po-hsun na nenosiri la Po-hsun, ambalo lilikuwa jina la mbwa wake. Mwanzoni alikuwa akiomba radhi kimoyomoyo. Baadaye akazoea.

Alipotazama foleni, akaona kazi moja asiyoijua. Jina la kazi: zamu. Mwenye kazi: Chiu Po-hsun. Hali: inasubiri.

"Au nimeituma mimi mwenyewe?" alinong'ona. Akaifuta. Akapiga miayo, akatazama tena, na kazi ipo pale pale, inasubiri. Akaifuta mara ya pili, ya tatu, na mara ya nne mkono ukasita, maana nyuma yake, katika safu ya tisa, alisikia kandambili zikitembea.

Chapa. Chapa. Chapa.

Pale hakuna anayeingia na viatu. Kila mtu huvua mlangoni, akavaa kandambili zake zenye jina, na za Po-hsun zilibaki kwenye rafu kwa sababu ile ile iliyobakiza akaunti yake. Shu-chin aliinuka polepole, akaenda mlangoni bila kugeuza shingo, kwa kuwa tangu utotoni alifundishwa kwamba mwezi wa saba, mwezi ambao wafu hurudi kutembea, ukisikia kitu nyuma yako huangalii wala huitiki. Akaitazama rafu. Nafasi ya Po-hsun ilikuwa tupu.

Akaweka kadi yake kwenye mlango, taa ikawa nyekundu. Akabonyeza kitufe cha dharura, akasikia komeo likiachia, kweli kabisa, ka!, akausukuma mlango kwa mikono miwili na kwa bega, lakini mlango haukusogea hata unywele.

Akampigia Mjomba Kang.

"Mjomba, mlango umekwama. Njoo unifungulie."

"Nakuja, mwanangu. Mvua hii itanizamisha kabla sijafika, ukiona kofia inaelea ujue ni mimi."

Dakika mbili baadaye alimsikia upande wa pili, akihema na kusukuma. Walizungumza kwa simu, maana mlango ule haupitishi sauti.

"Kadi yangu imekubali," Kang alisema. "Taa ya kijani. Lakini wewe toka hapo, unaegemea nini?"

"Siegemei kitu, mjomba."

"Mtu ameegemea. Namhisi kabisa. Nikisukuma, na yeye anasukuma."

"Mjomba," Shu-chin alisema, "mimi niko hatua sita kutoka mlangoni."

Kang aliacha kusukuma. Kisha akauliza polepole, kama daktari anayeogopa jibu: "Juzi tulipowaandalia ndugu wema, orodha ya majina aliiandika nani?"

Sisi huku hatuwaiti mizimu wala majini. Tunawaita ndugu wema, maana mgeni ukimpa jina baya atakula kwa hasira. Mwezi wa saba kila kampuni huwatandikia meza uani: vyakula, bia, hata mabeseni ya kunawia uso. Kisha husomwa majina ya wenyeji walioandaa karamu, na karatasi ikachomwa, ili wageni wajue wamekula kwa nani, washukuru, waende zao.

"Niliitoa mimi," Shu-chin alijibu. "Kwenye kompyuta. Watu wote wenye akaunti."

"Majina mangapi?"

"Ishirini na matatu."

"Tuko ishirini na wawili, mwanangu."

Shu-chin akafumba macho.

"Umemwandika marehemu upande wa wenyeji," Kang alisema. "Mgeni akishakula huondoka. Mwenyeji je, aende wapi? Kwake ndiyo hapo." Akavuta pumzi. "Lakini mbona amekushika wewe? Ulimkosea nini?"

Hapo ndipo Shu-chin alipolisema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Siku aliyokufa Po-hsun, zamu haikuwa yake. Ilikuwa ya Shu-chin, naye alitaka kwenda kwenye sherehe ya uchumba wa binamu yake kule Miaoli, nywele keshatengeneza. Po-hsun alicheka, akasema, "Nenda, mrembo, nitakaa mimi. Ila dawa ya deni ni kulipa. Zamu yangu utanirudishia siku nitakayoitaka." Mchana ule kifaa cha moto kilikosea, gesi ya kuzimia moto ikafunguka, milango ikajifunga, naye akakosa hewa baina ya makabati huku simu yake ikipokea picha za keki.

Mjomba Kang hakumlaumu. Ingekuwa nafuu kama angemlaumu.

"Zima moto nimewapigia," alisema, "barabara imejaa maji, itawachukua saa mbili kufika. Ngoja tutumie akili ya wazee. Tunaandika orodha mpya ya walio hai, naisoma kwa sauti getini, naichoma. Jina lake lisipokuwemo, hana kwao hapa. Ila itoke mahali ilipotoka ya kwanza. Kilichoandikwa na mashine hakifutwi kwa kalamu yangu."

"Bonyeza kitufe cha orodha kwenye kompyuta ya getini. Lakini subiri kwanza, nifunge akaunti yake."

"Fanya haraka. Nasikia ubani hadi huku."

Shu-chin naye aliusikia. Kafuri ilikuwa imepotea, badala yake ukaja moshi wa udi, mzito, wa hekaluni, ukishuka kutoka safu ya tisa, na juu ya ukuta, kwenye ubao wa tahadhari ya moto wenye taa mbili, taa ya kwanza ilikuwa imewaka. Kila mhandisi wa pale anajua maana yake: kifaa kimoja kimenusa moshi. Kikinusa cha pili, honi italia, na baada ya sekunde thelathini gesi itashuka, uwe umetoka au hujatoka.

Chapa, chapa, kandambili zikaja hadi mwisho wa safu, zikasimama.

Shu-chin akakimbilia kibodi na mgongo wake ukiwa wazi kwa kile kilichosimama, akaandika amri ya kumfunga Po-hsun, na wingu likamjibu kwa adabu: huwezi kufunga akaunti unayoitumia. Bila shaka. Alikuwa ameingia kwa jina la Po-hsun. Akatoka, akajaribu kuingia kwa jina lake mwenyewe, lakini nenosiri lake alikuwa amelisahau, miaka yote hii hakulihitaji, akajaribu siku ya kuzaliwa, akajaribu namba ya nyumba ya mama yake, akajaribu jina la binamu wa Miaoli, na kila mara lilikataliwa, na pumzi baridi kuliko baridi ya ukumbi ikamgusa nyuma ya sikio, nywele za shingoni zikasimama moja moja.

Akarudi kwa jina la Po-hsun. Hapo akakumbuka ufagio.

Wingu lina ufagio wake. Ukiuamrisha, hupita kwenye orodha nzima na kufunga akaunti ya kila mtu ambaye hajaingia kazini kwa siku mia saba. Haujali unatumwa na nani. Shu-chin akahesabu kwa vidole vilivyokufa ganzi: Po-hsun alikuwa na siku mia saba na thelathini kaburini. Mabomba yatakatika, lawama zitakuja, liwalo na liwe. Akabonyeza.

Akaunti moja imefungwa.

Moja. Yeye peke yake. Shu-chin alilia kwa furaha kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana.

"Tayari, mjomba! Itoe, isome, ichome!"

"Naenda. Usikate simu."

Alisikia mzee akikimbia mvuani, mlango wa kibanda cha geti, mashine ya kuchapa ikikohoa, kiberiti kikigoma mara mbili, kisha mfuniko wa pipa la bati. Kwenye skrini ya kamera akamwona, mzee mdogo chini ya paa la kibanda, karatasi mkononi, moto ukiyumba.

"Namba zimetimia, ishirini na mawili!" Kang alipiga kelele juu ya upepo. "Nasoma. Hsieh Wan-ju! Tseng Kuo-tai! Ong Li-mei!"

Orodha ile hufuata mwaka wa kuajiriwa. Wa nne alikuwa Po-hsun, wa tano Shu-chin, maana waliajiriwa wiki moja. Shu-chin alishikilia simu kwa mikono miwili, akingoja kusikia jina lake.

"Chiu Po-hsun!" Kang alisoma mbiombio, karatasi ikimpapatika mkononi, ulimi umeitangulia akili.

"Hapana! Mjomba, huyo hapana! Simama!"

"Fang Jui-lin!" Kang aliendelea, upepo umemziba masikio. "Lai Chun-hao!"

Jui-lin alikuwa wa sita.

Hapo Shu-chin akaelewa. Kila asubuhi kwa miaka miwili, ni nani aliyeingia kazini? Po-hsun. Nani aliyetuma faili, aliyejibu foleni, aliyeingia hata leo hii asubuhi? Po-hsun. Na nani ambaye hakuonekana hata mara moja kwa zaidi ya siku mia saba, mpaka nenosiri lake likasahaulika? Ufagio ulikuwa umefanya kazi yake sawasawa. Akaunti aliyoifunga kwa mkono wake mwenyewe ilikuwa yake.

"Mjomba, jina langu! Mimi sijasomwa! Mjomba Kang!"

Kwenye skrini karatasi ilikunjamana, ikawa nyeusi, ikaruka na upepo.

Kandambili zikampita. Hazikuharakisha. Zilipita karibu naye kiasi kwamba alihisi kafuri ikimchoma macho, zikafika mlangoni, na pale zikavuliwa, moja, kisha nyingine, kama mtu aliyemaliza kazi anavyofanya. Taa ya mlango ikawa ya kijani. Mlango ukafunguka kwa wepesi, ukajifunga. Alipoufikia akaukuta umekuwa ukuta. Kwenye rafu kandambili za Po-hsun zilikuwa zimerudi mahali pake, zimepangwa vizuri. Viatu vya Shu-chin havikuwepo, wala mwavuli wake wa manjano alioutundika hapo asubuhi.

Simu ilikuwa bado hewani. Akaiweka sikioni, akasikia mvua, akasikia geti likikwaruza, na kwenye skrini akauona mwavuli wa manjano ukivuka ua, umeinamishwa chini dhidi ya upepo, na mzee Kang akiuvulia kofia.

"Aa, mwanangu! Umetoka!" Sauti yake ilikuwa imejaa machozi. "Nilikwambia, wazee hawakosei. Hapana, usisimame mvuani, nenda zako nyumbani ukapumzike."

"Siyo mimi!" Shu-chin alipiga yowe. "Mjomba, niko ndani! Siyo mimi huyo!"

"Loo, simu umeisahau ndani, nasikia inanguruma tu," Kang aliuambia mwavuli akicheka. "Basi naikata. Utaichukua kesho."

Akaikata.

Shu-chin akageuka kutazama ukumbi. Mashine mia nne ziliendelea kupiga hesabu za maji. Kwenye foleni kazi ya zamani ilikuwa imekwisha, na chini yake imekuja nyingine. Jina la kazi: zamu. Mwenye kazi: Yeh Shu-chin. Hali: inasubiri.

Ukutani, taa ya pili ikawaka.