Uzi wa Mkono wa Nevena

Haya yamempata jirani yetu Tsvetana, hapa hapa Tryavna, mji wetu mdogo wa Bulgaria, na mlango wake nauona kutoka dirishani kwangu. Ilikuwa asubuhi ya kawaida tu: theluji inayeyuka, maharage yako jikoni, na chatu wake mdogo ana njaa.

Wafugaji wa nyoka wana kanuni: mawindo yasizidi unene wa nyoka pale alipo mnene zaidi. Tsvetana hupima kwa uzi. Siku hiyo hakuuona, akakata ule wa Machi, mwekundu na mweupe, ambao kwetu watoto hufungwa uwe kinga, mkononi mwa bintiye Nevena. Akamzungushia chatu. Ncha zikakutana sawasawa, kama zilivyokutana kwa mtoto.

"We mwanamke, una wazimu?" mama mkwe wake, Bibi Stoyanka, akanong'ona. "Waashi wa zamani walipima kivuli cha mtu kwa uzi, wakauzika ukutani. Mtu akafa, mzimu wake ukabaki kulinda nyumba. Leo unampa nyoka kipimo cha mtoto!"

"Mama nawe! Hayo ya kale."

Akatia panya ndani ya kasha la chatu. Chatu hakumgusa. Alikuwa akimtazama Nevena.

Jioni mtoto akalia, "Mama, kinanibana." Mkononi palikuwa na alama ya uzi. Uzi wenyewe haukuwapo. Alama ikapanda begani. Ikazunguka kifua. Pumzi zikawa fupi.

Tsvetana akambeba mbio kwenda kwa daktari. Mlango ukafunguka. Mtoto hakupita. Pale kizingitini akawa mzito, hanyanyuliki. Bibi akavuta kwa nje, mama akasukuma kwa ndani. Wapi!

"Mama, nifanyeje?" Tsvetana akamuuliza mkwewe.

"Kipimo hakirudishwi," Bibi akanong'ona. "Hubadilishwa mtu."

Tsvetana akaokota kando ya kasha ule uzi alioukata asubuhi, akaufunga mkononi mwake. Uzi wa mtoto, mkono wa mtu mzima. Ukatosha.

Nevena akavuta pumzi, akachomoka nje. Mama akataka kumfuata. Mguu haukunyanyuka. Nyuma yake chatu alikuwa akimeza panya.

Nevena sasa analelewa na bibi yake ng'ambo ya barabara; mamaye humpungia dirishani, akilia. Walijaribu kumtoa chatu. Kila wakigusa kasha lake, Tsvetana hukosa pumzi.

Kisha chatu akajivua gamba. Katikati yake palikuwa na pete nyekundu na nyeupe, imesokotwa, kipimo kamili cha unene wa chatu. Tsvetana akaijaribu mkononi, ikamtosha. Ya gamba la pili ikamtosha pajani.

Ya juzi imemtosha kiunoni.