Gari Lina Upepo

Alipokata mpira wa kwanza, fundi alisikia mtu akivuta pumzi chini ya gari.

Alikuwa amelala chali juu ya kipande cha boksi, tochi mdomoni na kisu mkononi, na chini ya gari lile hapakuwa na mtu ila yeye. Akatulia kidogo. Akajiambia ni tangi tu, kwamba tangi lililofungwa miaka likipata upenyo lazima livute hewa. Maelezo hayo yalimtosha kwa sababu yalikuwa ya kifundi. Watu walimwita Taratibu. Ukimpelekea gari na haraka zako, walisema, utakuja kulichukua ukiwa na mvi. Lakini gari lililotoka mikononi mwake halikurudi, na kwa hilo alijisikia, tena sana.

Hili lilikuwa gari la michezo, jekundu, la milango miwili, limezaliwa kabla yake. Lililetwa na mjane mmoja likiburutwa kwa kamba. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliopita, naye alitaka kuliona likitembea tena. Fundi alipofungua boneti, harufu ya petroli ilimpokea kabla hajaona chochote.

"Mipira ya mafuta imekwisha yote, mama," alimwambia. Aliukunja mmoja, ukafunguka nyufa kama kisigino cha kiangazi. "Inavujia juu ya injini ya moto. Siku moja mngewaka nalo barabarani."

"Marehemu hakutaka iguswe. Kila ikipasuka aliizungushia utepe tu." Mjane alishusha sauti. "Fundi, nikwambie ukweli. Hili gari lina pepo."

Fundi akacheka. Wateja wake walikuwa na maneno yao. Yupo mmoja anayeita kabureta kabati mpaka leo. "Lina upepo, mama. Upepo umeingia kwenye mipira, ndiyo maana linakohoa. Hilo dogo. Nitautoa."

Mjane alimtazama kama mtu mwenye maneno mengi zaidi, kisha akayameza. "Kama unaweza kumtoa, mtoe," alisema, akaondoka zake.

Fundi alilisikia jibu hilo lakini hakulipa uzito. Masikio yake yalikuwa kwingine, kama siku zote. Nyuma ya ukuta wa gereji kilikuwa chumba cha mama yake, na humo iliunguruma mashine ya oksijeni mchana kutwa. Mapafu ya mama yalikuwa yamechoka, ndivyo daktari alivyosema. Mpira mwembamba ulitoka kwenye mashine, ukapita juu ya mto, ukaishia puani mwake. Fundi angeweza kugonga nyundo huku akiusikiliza mvumo ule, na ukikatika hata kidogo nyundo ilianguka yenyewe. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na mama, na hakuna kitu alichokiogopa duniani kama chumba kile kukaa kimya.

Kazi ilimchukua siku mbili. Alikinga petroli iliyooza kwenye ndoo, akang'oa mipira yote kuanzia kwenye tangi hadi kwenye kabureta, akaipanga sakafuni na kukata mipya kwa vipimo vyake, kila kipande na klipu zake. Jambo moja tu lilimkera. Ile mipira ya zamani, hata baada ya kulala sakafuni usiku kucha, ilikuwa na joto mkononi. Akaitupa kwenye pipa na kunawa.

Ilibaki kuyavuta mafuta mapya yafike kwenye pampu na kutoa upepo njiani. Vipo vifaa vya kazi hiyo. Taratibu alifanya kama alivyofundishwa na kama mafundi wengi wanavyofanya wakiwa peke yao: aliweka mdomo kwenye ncha ya mpira, akanyonya.

Petroli haikuja. Ulikuja upepo, wa baridi, mrefu, ukapita kooni bila kuomba njia na kuendelea kuingia hata alipoacha kunyonya, mpaka kifua kikamjaa na macho yakamtoka, ndipo petroli ikafika ulimini naye akaitema. Alikaa chini akihema. Kisha akafunga klipu ya mwisho na kuwasha gari, nalo likaitika mara moja, sauti tamu isiyo na kikohozi. Akatabasamu.

"Upepo umetoka," alisema peke yake.

Hapo hapo akasikia mashine ya mama ikigugumia.

Alifika kitandani kwa hatua nne. Mama alikuwa ameshika shuka kwa mikono yote miwili, midomo imebadilika rangi. "Baba," alimwita, kama alivyomwita tangu utotoni, "mpira... mpira." Fundi aliona tone la maji limeziba katikati ya mpira. Mikono yake haikufikiri. Ilifanya kile inachofanya kwa mpira wowote ulioziba: iliuchomoa kwenye mashine, ikauleta mdomoni, naye akapuliza kwa nguvu zake zote, ile ncha nyingine ikiwa bado puani mwa mama.

Tone liliruka. Lakini pumzi yake haikukoma pale alipotaka ikome. Iliendelea kutoka, ndefu, ya baridi, mpaka akapiga magoti.

Mama alifumbua macho. Alivuta hewa mpaka mbavu zikaonekana chini ya kanga. "Aaah," alisema. "Sasa nimepata nafasi."

Fundi alilia kwa furaha, hakuna haja ya kuficha. Jioni ile mama alikula sahani nzima. Kesho yake alitembea hadi mlangoni bila kushikwa. Siku ya tatu alizima mashine kwa mkono wake mwenyewe, akasema kelele zake zinamchosha, na mwanawe, ambaye miaka miwili aliomba hicho tu, alijilazimisha kutouliza. Hakuuliza kwa nini mto unanuka petroli hata baada ya kufuliwa mara mbili. Hakuuliza kwa nini mama hapepesi macho akitazama barabara. Lakini adhuhuri ya siku ya nne, alipoingia na sahani ya chakula, akamkuta amekaa wima kitandani mdomo wazi, na kutoka mdomoni humo, bila midomo wala kifua kutikisika, ukitoka mngurumo mdogo wa kulingana, kama injini iliyoachwa inawaka ikimngoja mtu anayekuja kuichukua, naye akasimama pale na sahani yake, akijua kwamba akitaka kukimbia ataweza na kwamba hatakimbia, mpaka mngurumo ukanyamaza na mama akamgeukia polepole na kumpokea chakula kwa heshima.

"Asante, fundi," alisema.

Mjane alikuja kesho yake asubuhi. Aliingia kwenye gari, akawasha, akasikiliza. Akazima.

"Ametoka," alisema.

"Si nilikwambia, mama? Upepo umetoka wote."

"Sisemi upepo!" Alishuka na kumshika mkono. "Pepo, fundi. Pepo. Amekaa humo tangu sijaolewa. Mume wangu alisema mipira ile ndiyo inayomshika, ikiondoka atatafuta kifua. Ametoka. Umempeleka wapi?"

Nyuma ya ukuta mama alikohoa, kikohozi kikavu cha mara tatu, kisha kimya. Kilikuwa kikohozi cha gari. Mjane aliuachia mkono wa fundi kama umemuunguza.

"Nani yuko humo?" alinong'ona.

"Mama yangu."

"Mungu wangu. Namjua mtu. Nisubiri."

Alirudi kabla ya saa sita na mganga, mwanamke mfupi mwenye miwani na sauti ya mwalimu wa chekechea. Mganga hakuwasha kitu wala kuimba kitu. Aliweka sikio mgongoni kwa mama, akasikiliza muda mrefu, kisha akamvuta fundi mlangoni.

"Nisikilize vizuri, mwanangu. Huyu ninaweza kumtoa sasa hivi. Hana ubishi, ni mpangaji tu. Lakini pumzi unayoiona ni yake. Ya mama yako iliisha siku ile ile ulipopuliza."

"Kwa hiyo ukimtoa..."

"Mama atapumzika. Nisipomtoa, atakaa humo kama alivyokaa garini, na mama yako atakaa naye, anaona kila kitu, hana usukani. Mimi siwezi kuamua. Wewe ndiye uliyemwingiza. Sema atoke, au sema akae."

Fundi alirudi kitandani, akapiga magoti. Uso wa mama ulikuwa mtulivu, mnene kidogo kwa kula, wenye afya ambayo hakuwahi kuiona tangu akiwa mdogo. Halafu kitu kilihangaika machoni, kikapanda juu kama mtu anayetoka kisimani kwa mikono yake mwenyewe, na sauti ikaja, ile ya siku zote, nyembamba, iliyochoka.

"Baba," alisema mama. "Nimechoka. Nitoe."

Aliielewa. Hata alipozeeka asingeweza kudai kwamba hakuisikia vizuri. Aliushika mkono ule, ukamshika pia, na akaona jinsi chumba kitakavyokuwa jioni, kitanda kimetandikwa, mashine imefunikwa kitambaa, na yeye upande wa pili wa ukuta akisikiliza kitu ambacho hakipo. Mganga alisubiri. Mjane alikuwa analia uani.

"Akae," alisema fundi.

Mganga alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakumtazama usoni. Aliinua mkoba wake na kutoka.

Mdomo wa mama ulianza kucheka, taratibu, kwa mvumo wa kulingana, wala haukuchoka. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi shingoni. Fundi aliyafuta kwa kiganja chenye grisi, na mkono wa mama, ule uliokuwa umemshika, ukajichomoa.