Mchoraji wa Thelathini na Tatu

Ndugu msomaji, na hasa wewe unayeishi na watu chini ya paa moja, keti kidogo nikueleze yaliyotokea nyumbani kwa kaka yangu. Sisimulii ya kusikia. Nilikuwapo, na sehemu ya kosa ni yangu.

Kaka yangu ni msanifu wa programu za simu. Mkewe, yaani wifi yangu, ni mchoraji. Asubuhi nyumba yao ilikuwa tulivu. Sebule waliigawa kwa kabati la vitabu: upande wa dirishani wifi na rangi zake, harufu ya tapentaini, na redio ya sauti ya chini, upande wa pili meza ndefu, kompyuta mbili, kaka na mimi. Ikifika saa nne wifi anagonga kabati kwa mpini wa brashi, maana yake chai tayari. Tulikunywa tukiwa tumesimama, tukimtania kwamba siku moja atakoroga chai kwa brashi.

Kisha kaka akapata kazi aliyoitamani kwa miaka: kubuni programu ya kuwaunganisha wachoraji. Mmoja aanze mchoro, mwingine aliye mji wa mbali autie rangi, wa tatu atoe maoni, na ijulikane nani kafanya nini. "Kabla ya kubuni chochote," kaka aliniambia, "lazima tuwasikilize wenyewe." Tukapanga kuwahoji thelathini na wawili: wachora vibonzo, waandika mabango, wachora kuta. Yeye anauliza kwa simu, mimi naandika kila neno lililorekodiwa. Sauti yoyote isiyo yake wala ya mhojiwa tuliipa alama ya "kelele za nyuma", tukaiacha.

Wifi alichungulia juu ya kabati. "Na mimi je? Kwani mimi napaka chokaa?"

Kaka akacheka. "Wewe uko hapa hapa, mke wangu. Zamu yako haikimbii." Akamwandika mwisho wa orodha, namba thelathini na tatu.

Kaka alikuwa hodari wa kusikiliza, nasema kweli. Mwandika mabango mmoja alilia akimweleza jinsi anavyofanya kazi mwaka mzima bila mtu wa kumwonyesha. Kaka alimwachia nafasi, akamuuliza taratibu: "Ukikwama, unamwambia nani?" Nilijivunia kuwa mdogo wake. Lakini akishavua spika za masikioni, alikuwa kama chombo kilichomiminwa chote. Wifi akisema neno, anaitikia "mm". Chai ya saa nne ikaanza kupoa mezani. Baadaye kabati halikugongwa tena, na mimi sikuuliza kwa nini.

Jumatatu moja wifi alisema anaona vidoa vyeusi, kama nzi wanaoruka mbele ya uso. Kaka alimjibu macho yakiwa kwenye kompyuta: "Pumzisha macho kidogo." Jumatano, saa tano asubuhi, kaka akiwa katikati ya mahojiano, wifi alikuja akasimama karibu na meza. Mimi nilikuwa jikoni nikisuuza vikombe. Sikumwona.

Alhamisi nikaiandika rekodi ile. Katikati ya maneno ya mhojiwa nikasikia sauti ya wifi, ya chini, haina haraka: "Mume wangu, jicho langu la kulia. Naona kama pazia jeusi linashuka." Kisha kaka: "Dakika tano tu." Kisha mhojiwa akaendelea kueleza habari za karatasi.

Ndugu msomaji, niliyaandika maneno yale neno kwa neno. Nikayatia alama ya kelele za nyuma. Wifi alikuwa hatua sita kutoka nilipokaa, amejilaza kwenye kochi la dirishani, mkono juu ya uso. Nikadhani kaka ameshamshughulikia. Nikafungua rekodi nyingine.

Jumapili wifi alimimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina. Mezani palijaa, ikachuruzika mpaka miguuni pake. Ndipo tulipompeleka hospitali.

Daktari wa macho alimchunguza, akaegemea kiti. "Utando wa nyuma ya jicho umebanduka. Hili pazia limeanza lini?"

"Jumatano," wifi alisema.

"Ungekuja siku ile ile tungekuwa na matumaini makubwa. Sasa umebanduka mpaka katikati. Tutafanya upasuaji, lakini siwezi kukuahidi kitu."

Kaka akaruka. "Daktari, hakuniambia! Angeniambia ningeacha kila kitu."

"Nilikuambia," wifi alisema. Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayetaja saa.

"Lini? Wallahi hukuniambia!"

Wifi hakurudia. Tuliporudi nyumbani na kaka, nikafungua kompyuta, nikamwonyesha mstari ule wa Jumatano. Aliusoma, akausoma tena, akagusa kioo kwa kidole kama anayefuta vumbi. Nilingoja alie au anitukane. Alisema tu, "Umeandika vizuri," akaenda kumkunjia wifi nguo za hospitali.

Upasuaji ulifanyika. Jicho lilibaki usoni, nuru haikurudi. Wifi bado anachora, ila brashi hugonga kitambaa cha kuchorea kabla hajatarajia, au husimama hewani akidhani imefika. Rafiki yake mmoja, naye mchoraji, huja kumshika kiwiko, wanamaliza pamoja.

Programu nayo ilikamilika, namba thelathini na tatu akiwa bado hajahojiwa. Ni nzuri. Wachoraji wanaisifu, wanasema aliyeibuni anawajua. Kaka husoma barua zao, anazifunga.

Siku hizi anafanya kazi sikio moja likiwa wazi, na kila baada ya saa moja anainuka, anakwenda dirishani. "Mke wangu, unajisikiaje?"

"Salama."

"Hakuna kinachokusumbua?"

"Hakuna."

Mwezi uliopita wifi alikuwa na homa siku tatu. Tulijua kwa jirani. Wifi hakugombana na mtu, hakurudi kwao, anapika, anacheka na wageni. Amekoma tu kutuambia. Na mimi nikikaa nao hapo mezani sihisi huzuni wala hasira. Nahisi kama mkono uliolaliwa ukafa ganzi.

MAFUNZO

Msikilize wa nyumbani siku ile anaposema, si utakapopata nafasi. Anayeishi nawe hapangi miadi, wala hapazi sauti; husema mara moja, na akipuuzwa hujifunza kunyamaza. Ukija kutaka kusikia, huenda hana tena la kukuambia.

Wala usijifiche nyuma ya kudhani kwamba mwingine ameshashughulika. Mimi nilisikia kwa masikio yangu. Ningeinuka tu kitini nikamuuliza wifi jicho linaendeleaje. Sikuinuka.