Falafeli za Bi Joha

Kengele ya kutoka ilipolia, Dorkasi hakuwa na haraka kama wanafunzi wenzake wa darasa la sita. Alipenda kurudi nyumbani kwa njia ndefu, ile inayozunguka karakana za Kizota, ambako mafundi huchomelea mageti na kugonga mabati hadi jioni. Mwisho wa karakana hizo palikuwa na duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Dhirajlal. Mbele ya duka, chini ya turubai la bluu, Bi Joha aliegesha toroli lake la falafeli.

Bi Joha alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini na mikono myepesi. Ujana wake aliumalizia Muscat, akipika katika nyumba za watu, na aliporudi alirudi na ujuzi huo. Dengu alizilaza kwenye maji, asubuhi akazisaga pamoja na vitunguu, kitunguu saumu na majani ya giligilani, kisha akafinyanga vidonge na kuvikaanga mbele ya mteja. Vilitoka kwenye mafuta vikiwa na rangi ya kahawia nje na kijani ndani. Alivipanga juu ya chapati, akaongeza kachumbari, akamwagia rojo la ufuta na kuikunja. Mwanzoni watu wa Kizota walisema hizo ni bagia tu zilizokwenda Uarabuni zikarudi. Baadaye wakazizoea, na mchana foleni ikawa haiishi.

Kwa Dorkasi, harufu ya toroli lile ilikuwa harufu ya Ijumaa. Zamani, baba yake, Meshack Mazengo, alipokuwa fundi wa kuchomelea hapo jirani, kila Ijumaa walikutana kwa Bi Joha. Baba alinawa mikono yake myeusi kwenye dumu la maji, akisugua kucha moja moja, huku Bi Joha akimtania kwamba atammalizia sabuni. Halafu waliketi kwenye benchi, baba akaikata chapati katikati, na kipande kikubwa siku zote kilimwangukia Dorkasi. Hawakuzungumza sana. Baba alikuwa na desturi ya kufumba macho anapotafuna tonge la kwanza, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Dorkasi naye alifumba yake, kisha akachungulia kuona kama baba bado amefumba.

Sasa karakana aliyofanyia kazi baba ilikuwa imefungwa. Baba alipata kazi mbali, kwenye Bwawa la Mtera, kutengeneza injini za boti za wavuvi, na miezi ilipita bila yeye kuonekana nyumbani. Ijumaa zilikuja na kupita. Dorkasi alipofika kwa Bi Joha aliamkia, akatazama lile benchi kidogo, akaendelea na safari yake.

Wiki moja, baba alipiga simu kusema kwamba angekuja Jumamosi. Dorkasi alifurahi mpaka usingizi ukamruka. Ijumaa alipotoka shule alikwenda moja kwa moja kwenye toroli na pesa alizokuwa amejiwekea.

"Shikamoo, Bi Joha. Naomba mbili."

"Marahaba, mwanangu. Leo una njaa ya watu wawili?"

Dorkasi alitabasamu tu. Bi Joha alimfungia chapati mbili kwenye karatasi, akamwambia, "Kale sasa hivi zikiwa moto. Hiki si chakula cha kulala, hasa kwa joto hili la Oktoba."

"Sawa, Bi Joha."

Lakini hakula. Alitaka baba azikute. Nyumbani hawakuwa na jokofu, kwa hiyo alizitia kwenye kopo la plastiki, akalifunika vizuri na kulisukuma chini ya kitanda, nyuma ya sanduku la nguo, mama asilione. Usiku ule alilala akiwaza jinsi atakavyolitoa na baba atakavyofumba macho.

Jumamosi alifagia uwanja, akachota maji, akakaa mlangoni. Kila lori lililopiga honi barabarani lilimwinua. Jioni simu ya mama ikalia. Lori la samaki ambalo baba alitegemea kupanda lilikuwa limeharibika. Asingeweza kuja. Mama aliongea naye kwa sauti ya kawaida, lakini alipokata simu alikaa muda mrefu, cherehani mbele yake, bila kushona.

Jumapili, baada ya ibada, Dorkasi aliingia chumbani na kulivuta lile kopo. Chapati zilikuwa zimelowa na kachumbari ilikuwa na uchachu puani. Alijua haziko sawa. Hata hivyo, chini ya uchachu ule bado kulikuwa na harufu ya ufuta, na harufu ile ilimletea benchi, dumu la maji na mikono ya baba. Alikaa sakafuni akala chapati moja yote, akiwa amefumba macho.

Kabla jua halijatua tumbo lilianza kumkata. Alitapika hadi miguu ikamwishia nguvu, na mama akambeba mgongoni kumpeleka zahanati.

"Umekula nini leo?" muuguzi alimuuliza.

"Falafeli," Dorkasi alijibu kwa sauti ndogo. "Za Bi Joha."

Muuguzi alisema ni chakula kilichoharibika. Akampa dawa ya kuchanganya na maji, akamwambia anywe kidogo kidogo. Mama alitikisa kichwa kwa hasira. Dorkasi alimwona, akayazuia maneno yaliyobaki. Angesema nini? Kwamba alificha chakula chini ya kitanda, wakati mama alikwisha mkataza kula kiporo kilichochacha? Kwamba alimngoja baba kiasi hicho? Aligeukia ukutani.

Siku mbili zilizofuata alisikia maneno yakienea, akiwa kitandani. Mama alimweleza Mama Nikodemo wa nyumba ya jirani. Mama Nikodemo akawaeleza wanawake bombani. Habari ikatembea mtaa mzima.

Aliporudi shuleni, Kunal, mjukuu wa Mzee Dhirajlal, alimfuata wakati wa mapumziko.

"Babu amemwambia Bi Joha ahamishe toroli," alisema. "Wateja wa duka wanalalamika. Wanasema alimlisha mtoto sumu."

"Mtoto gani?"

Kunal alimtazama kwa mshangao. "Si wewe?"

Siku hiyo Dorkasi alipita kwenye karakana akiwa amejificha nyuma ya kundi la wenzake. Hakukuwa na foleni. Bi Joha alikuwa peke yake, amechuchumaa, anasugua magurudumu ya toroli kwa brashi. Alimwona Dorkasi, akasimama akijifuta mikono.

"Umepona, mwanangu? Nilitaka kuja kukuona, nikamwogopa mama yako. Nimewaza sana nilikosea wapi. Nimeyamwaga mafuta yote, na dengu nilizokwisha saga nimezitupa. Labda macho yangu hayaoni vizuri siku hizi, dengu mbovu zikanipita. Unisamehe."

Dorkasi alirudi nyuma hatua moja. Akakimbia. Hakusimama mpaka alipofika nyumbani, ambako mama alikuwa anashona sare za shule.

"Mama, si Bi Joha," alisema akihema. "Ni mimi. Nilizinunua Ijumaa nikazila Jumapili."

Cherehani ilinyamaza. "Mbona ulimwambia muuguzi ni za Bi Joha?"

"Zilikuwa zake. Ila sikusema lini."

"Na kwa nini ulizilaza siku zote hizo?"

"Nilitaka baba azikute." Machozi yakaanza kumtoka. "Tulikuwa tunakula wote, mama. Kila Ijumaa."

Mama alimvuta karibu, akaegemeza kidevu chake juu ya kichwa cha mwanawe. Walikaa hivyo. Halafu mama akasema, "Na mimi namkumbuka baba yako, Dorkasi. Ungeniambia, tungemkumbuka wote." Akainuka, akachukua kanga yake. "Haya, vaa ndala. Umekwisha niambia mimi, lakini aliyechafuliwa jina ni mwingine. Na mimi ndiye niliyelitangaza."

Walimkuta Bi Joha akifungua kamba za turubai. Mzee Dhirajlal alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake, mikono nyuma. Mama alimsukuma Dorkasi mbele taratibu. Dorkasi alisimulia yote, tangu kopo hadi uchachu, sauti yake ikikatika mara kwa mara. Alipomaliza alisema, "Naomba unisamehe, Bi Joha. Chakula chako kilikuwa kizima."

Bi Joha aliketi kwenye benchi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. "Kumbe macho yangu bado mazima," alisema polepole.

Mzee Dhirajlal alikohoa, akaliendea turubai na kuanza mwenyewe kulifunga tena. "Dada Joha, baki," alisema. "Mimi nilisikia, sikuuliza."

"Nami nakuomba msamaha, dada," mama alisema. "Jioni hii nitapita nyumba moja moja kusema ukweli."

Bi Joha alimgeukia Dorkasi. Hakuwa na hasira, lakini hakutabasamu pia. "Baba yako mngojee, mwanangu, hilo si kosa. Chakula usikingojeshe. Kula kikiwa moto, na baba akija tutampikia kingine. Na siku nyingine ukiulizwa, eleza yote. Ile nusu uliyoibakiza ndiyo ambayo ingelisafisha jina langu."

Jioni ile mama na Dorkasi walipita nyumba kwa nyumba. Wengine walicheka, wengine walisikitika, na kesho yake foleni fupi ikaonekana mbele ya duka. Kila wiki ikarefuka kidogo. Mama Nikodemo peke yake ndiye aliyekataa. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, lakini aliendelea kuwakataza watoto wake kununua pale.

"Tumemwambia ukweli wote. Mbona haamini?" Dorkasi aliuliza siku moja walipotoka kwake kwa mara nyingine.

Mama alimshika mkono.

"Lile la kwanza nilimwambia nikiwa nimesimama tu pale uani kwetu, naanika nguo, na akaliamini papo hapo," alisema. "Hili la kweli nimekuja nalo mara tatu, na bado analitilia shaka. Ndiyo maana nataka useme yote mara ya kwanza, Dorkasi, hata kama unaogopa. Kulirudisha jina la mtu ni kazi kubwa, na nyingine haimaliziki. Wiki ijayo tutakuja tena."