Zuwena Apiga Hodi kwa Wazee wa Mbao

Zuwena ana miaka sita. Leo yuko Prague, mji mkongwe wa Ulaya, mbali kabisa na kwao Tanga.

Yuko na mimi, Mjomba Shekue. Nimetembea nchi nyingi. Karibu zote nimepotea.

Mvua inanyesha. Churu churu churu!
Viatu vinalia. Chwapu, chwapu!

Jana tulikuwa Vienna. Tulikwenda kutazama mnara mrefu. Ukungu ukaumeza wote. Zuwena aliona mwavuli tu, na mgongo wangu mpana.

Na leo jioni tunapanda treni, tuanze safari ya kurudi.

"Mjomba, Bibi nitamsimulia nini?" akauliza Zuwena. "Nimwambie nimeona mgongo wako?"

"Mwambie ni mgongo mzuri," nikasema.

Zuwena hakucheka.

Basi nikampeleka kwenye saa kubwa ya kale, juu ukutani. Juu ya saa kuna vidirisha viwili. Vimefungwa. Chini yake watu wamejaa na miavuli yao.

"Ndani wamo wazee wa mbao," nikamwambia. "Vidirisha vikifunguka, wanachungulia."

"Vinafunguka saa ngapi?"

Nikaitazama ile saa. Ina mishale mingi. Ina miduara mingi. "Kwa ninavyoisoma mimi," nikasema, "sasa hivi ni juzi."

Churu churu churu! Chwapu, chwapu!

"Basi tupige hodi," akasema Zuwena.

Kwa Bibi, hufiki kwa watu kimyakimya. Unapiga hodi mara tatu. Ya tatu isipoitikiwa, unarudi ulikotoka.

"Hodiii!" akaita Zuwena.

Kimya.

"Hodiii, wenyewe!"

Kimya. Njiwa mmoja tu alijikung'uta.

Miavuli yote ikageuka. Watu wakatutazama. Mimi nikajifanya namtazama njiwa.

"Wamelala hao," nikanong'ona. "Twende tukanywe supu ya moto. Nimelowa mpaka kitovuni!"

Zuwena akanishika mkono. "Bado hodi moja, Mjomba."

"Ipige basi!"

"Ngoja kwanza. Ni wazee. Labda wanatafuta viatu."

Tukangoja. Churu churu churu!

Nikambeba mabegani, aone juu ya miavuli. Magoti yangu yakalia. Kwe! Kwe!

Tukangoja tena. Maji yakanichuruzika shingoni.

Kisha Zuwena akasema taratibu, kama mtu aliyesimama mlangoni:

"Hodi, babu zangu. Ni mimi, Zuwena wa Tanga."

Ngili-ngili-ngili! Kengele ndogo ikalia.

Vidirisha vikafunguka!

Mzee mmoja akapita, akachungulia. Akaja mwingine. Na mwingine. Na mwingine!

"Shikamoo! Shikamoo! Shikamoo!" Zuwena aliwaamkia wote. Hakumruka hata mmoja.

Jogoo wa dhahabu akawika. Kooo!

Vidirisha vikafungwa. Taratiiibu.

"Nimewaona, Mjomba! Nimewaona!" Akarukaruka mabegani kwangu. Kwe! Kwe! Kwe!

Jioni, ndani ya treni, Zuwena alijifunika blanketi mpaka kidevuni. Akaanza kujizoeza hadithi yake.

"Bibi, hawakunikaribisha ndani. Nadhani nyumba yao ni ndogo."

Akapiga miayo.

"Lakini Bibi, na mvua yote ile… walitoka wote kunitazama."

Akalala.