Bega la Wasike

Kila alfajiri, tangu mama yake afariki, Nekoye ndiye aliyemfunga baba yake vifungo vya shati. Wasike alikuwa mchukuzi katika kinu kimoja cha unga mjini Nakuru, na bega lake la kulia lilikuwa limekataa kupanda. Gunia la mahindi halina huruma, na nyapara wa pale alikuwa ndugu yake gunia.

Siku moja ilisikika kwamba dresa wa serikali, yaani msaidizi wa daktari, Bwana Obeid, angekuja kupima shingo na mabega ya wachukuzi. Wasike akaingiwa na hofu. Chumba walimoishi kilikuwa cha kiwanda, na mchukuzi aliyeonekana hafai alifukuzwa kazi, akatolewa humo na vyombo vyake.

"Ukiulizwa, sema baba hana shida," alimwambia Nekoye.

Obeid alifika saa ya chakula, Nekoye akiwa amemletea baba yake ugali. Aliwavua wachukuzi mashati, akawabonyeza shingo, akawaambia wainue mikono juu. Wasike aliuinua wa kulia kwa hila, akiusukuma kwa wa kushoto, jasho likimtiririka. Vifungo vilipomshinda, Nekoye alisogea bila kufikiri, akamfunga.

"Binti, mbona hafungi mwenyewe?" Obeid aliuliza.

"Ni mazoea tu, Bwana. Baba hana shida."

Obeid alisita, kisha akampitisha.

Juma lililofuata Wasike alipokuwa akipandisha gunia, bega liliteguka, akaanguka nalo. Nekoye alimkuta sakafuni, uso umejaa vumbi, akilia mbele ya wenzake. Hakuwa amewahi kuona aibu na uchungu kama ule.

Hospitalini alimfuata Obeid. "Nilikudanganya, Bwana."

Obeid alishusha pumzi. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Ningejua, ningemwombea kazi nyepesi, na bega lingepona. Sasa mkono huu hautabeba tena."

Hata hivyo alikwenda kumkabili meneja, akamwambia wazi kuwa bega limeharibiwa na magunia yake. Wasike akapewa kazi ya kulinda lango, kwa mshahara mdogo, na chumba kikabaki.

"Nisamehe, baba," Nekoye alilia.

"Uongo ule ulikuwa wangu, nikautia kinywani mwako," Wasike alisema. "Mtu akikuambia umfichie ugonjwa wake, hata nikiwa mimi, nenda ukaseme. Nikikasirika, acha nikasirike. Afadhali baba mwenye hasira na mikono miwili."